Jino la kupandikizwa na nusu kaputi: maswali ya kabla ya upasuaji

Nina jino la kupandikizwa, la mbele juu. Nitafanyiwa upasuaji wa henia kwa nusu kaputi. Je, litang'oka?

Kama lilishashika, ni nadra sana king'oke kipandikizi chenyewe. Kile ni skrubu ndogo ya titani iliyokazwa ndani ya mfupa wa taya, na mfupa ukishapona huwa umeigandia kabisa. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden ndiye aliyeligundua hilo miaka ya 1950, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Cha kuhofia ni kile kilicho juu ya skrubu, yaani kofia inayoonekana ukicheka. Jino la kuzaliwa nalo limeshikwa na nyuzi laini zinazoliacha licheze kidogo likisukumwa. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kikisukumwa, hakiachii, na kaure ya kofia ndiyo inayomeguka, au kiskrubu kinachoishikilia kofia ndicho kinacholegea.

Henia iko tumboni. Meno yanaingiaje hapo?

Ukishalala, dawa huweza kulegeza hata misuli ya kupumulia, kwa hiyo mara nyingi daktari wa usingizi hupitisha mrija kooni ili mashine ikupumulie. Husimama kichwani pako, akafungua mdomo kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akaingiza chombo chenye ulimi wa chuma na taa. Ule ulimi wa chuma husukumia ulimi wako pembeni, kisha hunyanyuliwa juu kuelekea mbele mpaka njia ya hewa ionekane. Haukusudiwi kabisa kuegemea meno. Lakini mdomo ukiwa hauachami vizuri, au shingo haikunjuki, huishia kugusa meno ya mbele ya juu. Ndiyo maana hayo huumia kuliko mengine yote, yawe ya asili au ya kupandikizwa.

Wakati wa pili wa hatari husahaulika: kuzinduka. Mtu akiwa nusu macho nusu usingizini huuma mrija kwa nguvu ambayo akiwa macho hawezi kuithubutu. Wengi huwekewa kitambaa kilichokunjwa kati ya magego, ili nguvu iishie huko nyuma badala ya meno ya mbele.

Si kila nusu kaputi inahitaji mrija huo. Kwa upasuaji mwingine hutumika kifaa laini kinachokaa juu ya koo la hewa, na huwekwa bila ule ulimi wa chuma. Kuuliza kama kinakufaa si utovu wa adabu. Ila uamuzi ni wa daktari, maana pumzi yako inatangulia jino.

Nilipandikizwa mwezi uliopita tu.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Mfupa huchukua takriban miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu, na kabla ya hapo inaweza kusogezwa. Upasuaji usio wa haraka, waulize daktari wa meno na daktari wa upasuaji kama unaweza kusogezwa mbele. Ukiwa wa dharura, usiuchelewishe hata kidogo. Jino litapandikizwa tena.

Je, nitalitoa kama yanavyotolewa meno ya bandia?

Lililokazwa au kugandishwa halitoki, liache. Lakini yapo meno ya bandia yanayobanwa juu ya vipandikizi kwa vifungo na kuvuliwa usiku. Hayo yanavuliwa, kwa sababu kitu kinachochomoka mdomoni mwa mtu aliyelala kinaweza kuingia mapafuni. Mweleze daktari kwamba ukishayavua hubaki vijiti vya chuma kwenye ufizi, asije akavishangaa.

Na umeme ambao wapasuaji hutumia kuchomea mishipa ya damu isivuje? Titani si chuma?

Umeme huo husafiri kutoka ncha ya kifaa hadi kibandiko kilichowekwa mwilini, mara nyingi pajani. Kwa henia, taya haiko njiani. Upasuaji ukiwa wa uso au shingo, sema mapema ili kibandiko na njia ya umeme vipangwe ipasavyo. Kwa kipimo cha MRI, titani haivutwi na sumaku, ingawa picha za eneo la mdomo zinaweza kutiwa ukungu.

Nimwambie nini hasa daktari wa usingizi?

Jino lipi, liliwekwa lini, linavulika au la, na chochote kinachocheza. Wengi huona haya kusema kwamba jino si lao, hasa mwenzi akiwa kando. Omba dakika moja ya faragha. Na usikitazame kipandikizi peke yake: jino la asili linalolegea karibu nacho ni hatari kubwa zaidi, maana ndilo linalong'oka. Wiki moja au mbili kabla, sukuma kofia kwa ulimi. Ikizunguka au kutikisika, mwone daktari wa meno aikaze. Kisha hakikisha hali ya meno imeandikwa kwenye faili kabla hujalala.

Likivunjika je?

Kipande kitafutwe palepale. Kisipopatikana mdomoni wala sakafuni, hupigwa picha ya eksirei ya kifua kuhakikisha hakikuvutwa ndani na pumzi. Nawe ukizinduka ukahisi ncha kali kwa ulimi, mwambie muuguzi kabla hujaruhusiwa kuondoka, na kabla hujameza chochote.