Kuchomelea kwa waya wa flaksi: maana yake kwa anayeanza na mashine ya bei nafuu

Waya wa flaksi, kwa macho ya haraka, haujatofautiana na waya mwingine wowote wa kuchomelea. Tofauti iko ndani. Waya wa kawaida wa mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya na gesi ya mtungi, ni chuma kitupu toka ukingo hadi ukingo, ilhali huu ni mrija mwembamba sana uliojazwa unga. Unga huo ndio flaksi. Moto wa umeme ukiwaka kwenye ncha, ganda la mrija linayeyuka na kuwa chuma cha mshono, na unga unaungua ukitoa gesi inayoisukuma hewa mbali. Ndani ya unga mna pia madini, alumini ikiwemo, yanayonasa oksijeni na naitrojeni zilizopenya. Mabaki yake yanaelea juu ya chuma kilichoyeyuka, yanapoa na kuwa ganda jeusi au la kijivu linalogongwa kwa nyundo. Ganda hilo ndilo slagi.

Aliyewahi kushika rodi, ile fimbo ya kuchomelea, ataona kwamba jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Msweden Oscar Kjellberg, mwanzilishi wa kampuni ya ESAB, alivumbua rodi iliyopakwa dawa, yaani flaksi, kwa nje, na rodi za E6013 zinazochomelea mageti na grili za madirisha toka Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kamukunji, Nairobi, ni wajukuu wa uvumbuzi huo. Waya wa flaksi umeichukua dawa ile ile ukaiingiza ndani, kwa sababu rodi iliyopakwa nje haiwezi kuviringwa kwenye koili: dawa ingepasuka na kupukutika. Dawa ikishakaa ndani, waya unaweza kuviringwa, ukasukumwa na mota na kutoka kwenye bunduki muda wote unaobonyeza kitufe. Kampuni ya Lincoln Electric ya Cleveland, Marekani, ndiyo iliyouza waya wa aina hii usiohitaji mtungi wa gesi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hapa kuna jambo la kuangalia dukani. Waya wa flaksi uko wa aina mbili. Upo unaojikinga wenyewe kwa unga wake tu, na upo unaotaka gesi juu ya unga. Wa pili ni wa viwandani na mashine kubwa. Anayeanza anahitaji wa kwanza, na kwenye pakiti huwa umeandikwa E71T-GS au E71T-11. Namba hizo zinasomeka: 7 ni nguvu ya kuvutwa, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, 1 inayofuata ni ruhusa ya kuchomelea mikao yote, hata juu ya kichwa, T ni mrija. Mwisho wa jina ndiko penye uzito. GS ni ya mshono wa pasi moja tu, bila kurudia juu yake. 11 inaruhusu kupanda mshono juu ya mshono, kwa unene wenye kikomo alichokitaja mtengenezaji. Mtu anayepanga kutengeneza kitu cha kubeba uzito asinunue GS kwa sababu tu ilikuwa rahisi kwa bei.

Nasisitiza habari ya unga kwa sababu karibu kila kinachomsumbua anayejifunza kinatokana nao. Watu wengi wananunua mashine ndogo ya inverta, wanapata mshono wenye matobo na vidonge vya chuma vilivyotapakaa, kisha wanahukumu kwamba mashine ya bei nafuu haifai. Mara nyingi mashine haina kosa. Waya unatumiwa kana kwamba ni wa gesi.

Kosa linaloongoza ni nguzo za umeme. Waya mtupu wenye gesi hutaka bunduki iwe upande wa chanya. Waya wa flaksi unaojikinga hutaka kinyume: bunduki kwenye hasi, kibano cha ethi, kile kinachoshika chuma unachochomelea, kwenye chanya. Mashine nyingi zinazouzwa kuwa za kazi mbili au tatu hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwa ajili ya gesi, na kuna waya mfupi wa umeme mbele au ndani ya mlango wa koili unaopaswa kuhamishwa. Usipohamishwa, mashine itawaka na chuma kitashika, lakini moto utakuwa wa kurukaruka, matone yatatapakaa kila upande na mshono utakaa juu juu. Kabla ya kugusa kitufe chochote cha volti, fungua mlango uangalie nguzo. Kuna pia mashine za bei ya chini kabisa zinazotoa AC, umeme unaobadili mwelekeo kila mara, badala ya DC, unaokwenda upande mmoja. Hizo hazina nguzo ya kugeuza, na moto wake ni mgumu kuutuliza. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua ya DC.

Jambo la pili ni rola zinazosukuma waya. Kwa kuwa waya huu ni mrija, rola ikikazwa sana inaubonda, unga unabanwa, na waya unaanza kwenda kwa kusitasita. Ndiyo maana unapendekezewa rola yenye meno madogo, ambayo hung'ata bila kuhitaji kukazwa. Rola laini ya waya mtupu itateleza, na fundi mgeni ataongeza kukaza mpaka auharibu waya. Ncha ya shaba ya bunduki nayo ilingane na waya: waya wa milimita 0.8 kwa ncha ya 0.8, wa 0.9 kwa ncha ya 0.9. Ncha ikiziba, waya unajikunja nyuma kwenye rola na kuwa fundo la kukata na kutupa.

Kisha mkono. Kwa waya wa flaksi bunduki huvutwa, haisukumwi. Unailaza nyuzi 10 hadi 15 kuelekea unakokwenda, unavuta, na slagi inabaki nyuma ya moto. Ukisukuma, slagi inatangulia mbele, chuma kinaipita juu, na takataka inazikwa ndani ya mshono. Hutaiona hadi siku kitu kitakapokatika. Urefu wa waya unaochomoza toka kwenye ncha ya shaba nao ni mrefu kuliko ule wa gesi: milimita 12 hadi 20. Waliozoea MIG huukaribisha mno mkono. Urefu huo una kazi, maana unaupasha joto waya na unga wake kabla haujafika kwenye moto, na unga uliopashwa joto unafanya kazi vizuri zaidi.

Vitufe viwili vya mbele, volti na kasi ya waya, vinatisha kuliko inavyostahili. Kwenye mashine hizi kasi ya waya ndiyo inayoleta ampea: waya mwingi, ampea nyingi. Volti inaamua moto uwe mpana au mwembamba. Anza na jedwali lililobandikwa ndani ya mlango wa mashine, halafu sikiliza. Kasi ikizidi, utahisi waya unakigonga chuma unachochomelea na kuusukuma mkono nyuma. Ikipungua, waya unayeyuka mapema, tone linaning'inia na wakati mwingine linaungana na ncha ya shaba. Ikikaa sawa, sauti ni ya kukaza na ya mfululizo, mithili ya vitumbua vikiwa kwenye mafuta. Volti ikizidi sana kwa waya huu, utaona vijito kama vya minyoo juu ya mshono baada ya kugonga slagi: ni gesi iliyonaswa chini yake. Unyevu nao huleta vijito hivyo.

Unyevu huo ni tatizo la kweli kwa watu wa Pwani. Koili iliyoachwa ndani ya mashine Tanga au Unguja inashika kutu, na unga wake unaweza kufyonza maji hewani. Itoe ukimaliza kazi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na anza na koili ndogo ya nusu kilo au kilo moja badala ya ya kilo 5 itakayolala miezi.

Faida za waya huu kwa mazingira yetu ni kubwa, na ndizo zinazonifanya niutetee. Karakana nyingi ziko nje, chini ya mti au kibanda kisicho na kuta. Gesi ya mtungi hupeperushwa na upepo na mshono ukabaki na matobo. Gesi ya waya wa flaksi inazaliwa pale pale kwenye moto, kwa hiyo upepo wa kawaida hauisumbui sana. Hakuna mtungi wa kukodi wala kubeba. Haubagui sana kutu kidogo, ingawa chuma kilichopigwa brashi au grainda kitakulipa kila mara.

Mipaka yake pia isemwe. Bomba la mraba la ukuta wa milimita 1.2, ambalo ndilo limejaa madukani, hutoboka haraka mikononi mwa anayejifunza. Jifunzie kwa chuma cha milimita 3, kisha ushuke. Kwa chembamba, piga vipande vifupi vifupi na kuacha kipoe, usivute mshono mrefu. Mashine ndogo nayo ina muda wake: ikiandikwa asilimia 20 kwa ampea 90, maana yake ni dakika 2 za moto katika kila dakika 10, zilizobaki ni za kupoa. Nyaya ndefu nyembamba za kuongezea umeme huiibia volti, na umeme ukiwa tayari ni hafifu mtaani kwenu, mshono utakuwa baridi hata ukiongeza kitufe.

Moshi ni mwingi kuliko wa MIG yenye gesi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea mwaka 2017 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Simama upande upepo unakotoka, kichwa kisiwe juu ya moto, na vaa barakoa ya chembechembe chini ya kofia. Vioo vya kofia viwe na giza la namba 10. Chuma kilichopakwa zinki saga kwanza zinki yote kandokando ya mshono. Moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi baada ya kazi ni chakula kizuri, lakini hayafiki mapafuni.

Ukitaka kujua umefikia wapi, usiutazame mshono kwa uzuri wake. Simamisha kipande kimoja juu ya kingine kama herufi T iliyopinduliwa, chomelea upande mmoja tu, kiache kipoe, kisha kipige kwa nyundo kilalie upande wa mshono. Kikipinda na mshono ukashikilia, joto limeingia. Ukiachia na kubakiza uso laini ambao chuma cha chini hakijaguswa, ulikwenda mbio au ampea zilikuwa chache. Ukivunjika na ndani kukaonekana matobo, rudi kwenye nguzo, unyevu na umbali wa ncha. Ukikuta mistari myeusi ya slagi katikati, chunguza mwelekeo wa mkono wako, kisha kata kipande kingine.