Breki Isiyoachia

Kwa mara nyingine wiki hii, kijana aliyemleta baba yake kutoka Wete ameniambia kwamba ugonjwa wa Parkinson umemmalizia mzee nguvu, na kwamba ninachopaswa kumpa ni mazoezi ya kunyanyua vitu vizito. Nimechoka na kauli hii, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wakande misuli isiyo na ugonjwa na kuwaona wazee wao kuwa wavivu.

Mtu akikaa barazani ametulia tuli, nyuroni (seli za neva) za globasi palidasi ya ndani, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, huendelea kutoa mapigo makumi kadhaa kwa sekunde, yakiizuia thalamasi, kituo cha ubongo kinachopitisha ishara za mjongeo, kama breki iliyokanyagwa. Striatamu, sehemu nyingine ya ubongo, hulegeza zuio hilo kwa mjongeo uliokusudiwa, huku mijongeo mingine ikibanwa. Dopamini, kemikali ya ubongo, ikipungua kama ilivyo kwa Parkinson, kulegeza huko huwa kugumu, na mtu hubaki na nia yake na misuli yake lakini hatua haianzi. Kiharusi kikiiharibu nyuklia ndogo ya sabthalamasi, kifundo cha seli kinachoichochea palidasi hiyo, mambo hugeuka: mkono wa upande wa pili hurukaruka wenyewe, na jamaa hudhani mgonjwa amepandwa na shetani.

Mzee yule aliganda kwenye kizingiti cha chumba changu, nyayo zimenata sakafuni, magoti yakitetemeka. Nikailaza bakora yake mbele ya vidole vyake, nikamwambia, "Ivuke hii, mzee wangu." Akanyanyua mguu, akavuka, akaenda hatua sita bila kushikwa.

"Kumbe baba anatuchezea," kijana akasema, na hapo ndipo niliposikitika zaidi. Hakuwa akicheza. Alama inayoonekana, kwa tunavyofahamu, humwezesha mgonjwa kuanzisha hatua kwa kuongozwa na macho, bila kuitegemea sana njia ile iliyokwama.

Hata hivyo, mfano wa breki una ufa, na sipendi kuuficha. Kama palidasi ya ndani ingekuwa breki tupu, kuichoma sehemu yake kwa upasuaji kungezidisha kurukaruka. Badala yake, mijongeo ya ziada inayoletwa na levodopa, dawa ya Parkinson, hupungua. Mimi naegemea kwa wanaosema kwamba mpangilio wa mapigo ndio unaovuruga mjongeo kuliko wingi wake, ingawa kwa jamaa za wagonjwa bado naizungumzia breki, kwa kuwa huielewa mara moja.

Kijana ameondoka na utepe mweupe, aubandike mistari mbele ya kila mlango nyumbani.