Je, wajua kwa nini mafuta ya nazi huganda kipupwe na karafuu hunukia zaidi juani?

Juzi asubuhi mtoto wa kaka yangu kanijia na chupa ya mafuta ya nazi kaipindua kichwa chini, haitoki hata tone. "Ami, mbona yameganda na hakuna alieyatia frijini?" Nikamwambia akaiweke dirishani penye jua, hata kazi za skuli hajamaliza mafuta yasharudi kuwa maji. Swali lake likanikaa, maana jibu lake ndo hilohilo linaloeleza kwa nini ukipita Wete, kule Pemba, msimu wa karafuu harufu inakupokea kabla hujaliona jamvi zinapoanikwa.

Kila kitu, mafuta, maji, hewa, hata jiwe, kimejengwa na chembe ndogo mno na chembe hizo hazitulii hata mara moja. Joto tunalolipima kwa digrii ndo hasa kipimo cha huo mwendo, zikenda kasi twasema kitu kina moto, zikipungua kasi twasema kimepoa.

Sasa mafuta ya nazi yanaganda kwenye digrii 24 au 25 hivi. Miezi mingi huku kwetu hewa iko juu ya hapo, ndo tumeyazoea yakiwa maji, lakini kusi likishika, Julai na Agosti, usiku unateremka mpaka digrii 21 au 22, na hapo chembe zinapunguza kasi mpaka zile nguvu zinazozivuta moja kwa mwenzake zinashinda, kila moja inakamatwa pahala pake. Lakini usidhani zimesimama. Ni kama watu walobanana kwenye daladala, hakuna anaeweza kuhama alipo lakini kila mwili unatikisika. Ukiyaweka juani zinatikisika zaidi na zaidi mpaka zinachomoka na kuanza kupishana, ndo kuyeyuka kwenyewe.

Kama unataka kuona kwa macho yako, chukua gilasi mbili, moja maji ya baridi moja ya moto, ziache zitulie, afu tia tone moja la rangi ya biriani kila gilasi bila kukoroga. Kwenye ya moto rangi inasambaa upesi, ya baridi inajikokota. Maji yenyewe yanaisukumasukuma. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliangalia kwa darubini vipande vidogo vilotoka kwenye chavua ya maua, akaviona vinacheza ndani ya maji bila kuguswa na mtu, na ilikuwa 1905 ndo Albert Einstein akaeleza kwa hesabu kwamba vinapigwa na chembe za maji. Mie hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Karafuu je? Mafuta yake, ndo yenye hiyo harufu, yanachemka kwenye digrii zaidi ya 200, na jua la Pemba halifiki huko hata kidogo, mbona basi harufu inatoka? Ni kwa sababu chembe hazina kasi sawa. Katika kundi lolote zipo za polepole na zipo zenye mbio sana, na hizi zenye mbio zikiwa juujuu zinatoroka hewani bila kungoja kuchemka. Jua likiwaka zenye mbio zinakuwa nyingi, na harufu inazidi. Zikishakuwa gesi kila moja iko mbali na mwenzake, zinagongana na chembe za hewa ambazo zenyewe zinakwenda kiasi cha mita 500 kwa sekunde, upepo nao unazichukua hadi barabarani.

Na mtungi wa maji ni mambo hayohayo. Udongo wake una vitundu vidogo, maji yanapenya yanaurowesha kwa nje, na chembe zenye mbio zinaondoka, zinazobaki ndani ni zile za polepole, na polepole ndo baridi. Ndo maana maji ya mtungini yanakuwa baridi kuliko hewa ya nyumbani, bila umeme. Siku za unyevu mwingi hayapoi sana kwa sababu hewa ishajaa mvuke, zinazotoka ni nyingi na zinazorudi nyingi vilevile. Na mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje ili upendeze, vitundu vyake vimezibwa, huo hauwezi kupoza maji.