Usajili Ukiisha, Chuo Kinabaki na Nini? Ya Kudai Kabla ya Kusaini Leseni ya Majarida ya Kielektroniki

Jarida la karatasi likishalipiwa, nakala zake hubaki rafuni hata malipo yakikoma. Jarida la kielektroniki haliko hivyo. Tunacholipia ni ruhusa ya kusoma, na mipaka ya ruhusa hiyo imo kwenye leseni. Ndiyo maana sisi wakutubi tunawasihi wakuu wa vyuo na maofisa ununuzi wasiishie kutazama bei.

Kifungu ninachokipigania kuliko vyote ni haki ya kudumu ya kusoma yaliyokwisha kulipiwa. Februari 2019 Chuo Kikuu cha California, Marekani, kilisitisha usajili wake kwa Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida ya kitaaluma, baada ya mazungumzo kukwama, na Julai mwaka huo mchapishaji akakifungia makala mpya. Hata hivyo watafiti wake waliendelea kusoma sehemu kubwa ya makala za kabla ya 2019, kwa sababu chuo kilikuwa na haki ya kudumu juu ya makala hizo. Chuo kikaweza kusubiri, na Machi 2021 pande hizo mbili zikafikia makubaliano mapya. Chuo kisicho na haki hiyo hujadiliana kikiwa kimeshikwa koo, maana siku usajili unapokwisha mwanafunzi wa uzamili anakosa hata makala aliyoisoma wiki iliyopita. Ulizeni pia makala hizo zitahifadhiwa wapi mchapishaji akifunga shughuli. Zipo hifadhi za kimataifa kwa kazi hiyo, kama Portico na CLOCKSS. Kanzidata zinazokusanya majarida ya wachapishaji wengi mara nyingi hazitoi haki ya kudumu, na hilo lijulikane mapema, kabla fedha hazijatoka.

Kisha someni kwa makini nani anaitwa mtumiaji aliyeidhinishwa. Rasimu ikisema “walio ndani ya eneo la chuo”, msiikubali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina wanafunzi mikoani kote. Kwa maneno hayo, aliyeko Kigoma anafungiwa nje ingawa amelipa ada kama wenzake. Andikeni wazi: wanafunzi na wafanyakazi wote, popote walipo, pamoja na wageni wanaoingia maktaba kusoma kwenye kompyuta zetu. Chuo cha tiba kiwataje na madaktari wa hospitali ya kufundishia, hata kama mwajiri wao ni mwingine.

Kuhusu fedha, ankara nyingi huja kwa dola huku bajeti ikiwa kwa shilingi. Kwa mkataba wa miaka mitatu, dai ukomo wa ongezeko la kila mwaka, na kifungu cha kujitoa bila adhabu bajeti ikipunguzwa. Takwimu za matumizi nazo ziwe mezani, zikifuata COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya majarida ya kielektroniki, ili muweze kulinganisha wachapishaji. Tuseme kifurushi ni dola 12,000 na makala zilizofunguliwa mwaka mzima ni 400: kila moja imewagharimu dola 30. Mkiwa na hesabu hiyo, mna hoja.

Msiende peke yenu pale panapowezekana kwenda pamoja. Tanzania tuna COTUL na Kenya wana KLISC, miungano ya maktaba inayonunua kwa pamoja, na shirika la kimataifa la EIFL hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya miungano ya namna hii katika nchi nyingi. Kabla ya kulipa chochote, angalieni pia kama taasisi yenu inastahili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ulioanza na Hinari, sehemu yake ya majarida ya afya, mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani.

Kifungu cha kuficha bei, kikataeni. Fedha ni za umma, na vyuo visipoambiana vinacholipa, muuzaji pekee ndiye anayejua bei zote.

Haya yote yanahitaji muda. Anzeni walau miezi sita kabla ya mkataba kwisha. Idara zitume mapema orodha ya majarida zisiyoweza kuyakosa. Mkishasaini, nakala ya leseni ikae maktaba, si kwa mhasibu peke yake, ikiambatana na orodha ya kila jarida na miaka iliyolipiwa. Orodha hiyo ndiyo mtakayoonyesha siku mchapishaji atakapofunga kilicho chenu.