Nyumba ya chokaa haitaki saruji

Desemba 25, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883 enzi ya Sultani Sayyid Barghash, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ukarabati wake ulikuwa ukifadhiliwa na Oman. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazina mfadhili. Zinasimama kwa juhudi za wanaozikaa.

Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi havizidi sana upana wa mita 3. Ukuta wa namna hii hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hubaki ndani. Chumvi hujikusanya, jiwe humomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza. Mwenye nyumba huja kujua siku sakafu inapobonyea. Tunaelewa kwamba saruji hupatikana kila duka na hukauka haraka, ila hasara yake ni kubwa mno.

Kabla ya masika, pandeni juu mkaangalie paa na michirizi. Tangi linalovuja au bomba la choo kipya cha ghorofani linaweza kuharibu ukuta ambao jirani naye anautegemea, kwa hiyo ukaguzi ufanywe na nyumba zote mbili. Mche wa mtini ukichipua kwenye ufa, uondoeni ungali mdogo. Ukishaacha mizizi ndani, kuung'oa kwa nguvu huondoka na mawe.

Mti uliopo mahali pake ni jambo jingine kabisa. Kivuli cha Mtini, ule mti mkubwa wa pale Mizingani, ni karakana ya mafundi wa majahazi, na Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, ndiyo sebule ya mji kila jioni. Tunawaomba wachuuzi wa vyakula wasimwage mafuta wala majivu ya moto shinani, na wasipigilie misumari kwenye magome. Wazee wa baraza wakiona mtu anaanza kuziba uwanja wa mtaa, wamjulishe sheha siku hiyohiyo, kabla msingi haujachimbwa.

Anayetaka kubadilisha chochote katika nyumba yake aombe kwanza kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na amtafute fundi anayejua kuzima chokaa, yaani kuitia maji kabla ya kuitumia.