Je, Wajua? Kwa Nini Simu Inasema Umefika na Kopo Halionekani

Mchezo wa jiokeshi una kanuni nyepesi. Mtu anaficha kopo, anaweka namba zake za latitudo na longitudo kwenye intaneti, wengine wanalisaka kwa GPS, wanatia sahihi kwenye kijidaftari kilichomo ndani na kulirudisha palepale. Ugumu huanza mshale wa simu unaposoma mita 0 nawe umesimama kwenye nyasi za ukingo wa kreta ya Menengai, kopo hulioni. Unasogea hatua mbili, zinakuwa mita 9. Unarudi ulipokuwa, zinakuwa 6. Simu haijaharibika.

Wa kwanza kulaumiwa huwa satelaiti. "Haijaniona, kuna mawingu." "Imenipoteza." "Bando limeisha, ndiyo maana." Malalamiko yote matatu yana mzizi mmoja: imani kwamba huko juu kuna jicho linalotutazama, likishatuona linatuma jibu kwenye simu. Wapo hata wanaozima GPS wakiwa bafuni.

Hakuna jicho. Satelaiti za GPS, ambazo ni zaidi ya 24, huzunguka kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kwako wewe kazi yake ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa fulani. Simu husikiliza na kupiga hesabu yenyewe. Haijibu chochote, na hata ingetaka kujibu, haina chombo cha kurusha sauti yake hadi huko. Ndiyo maana watu milioni wanaweza kutumia satelaiti ileile bila foleni. Kama kuna anayekufuatilia, basi ni programu uliyoiruhusu mwenyewe kuchukua mahali ulipo na kupeleka habari kupitia mtandao wa simu. Mawingu nayo hayahusiki, kwa kuwa mawimbi ya GPS hupenya wingu na mvua karibu bila kupungua.

Suala la bando lina ukweli nusu. Zima data kabisa, na GPS itaendelea kufanya kazi. Kitakachokosekana ni picha ya ramani. Ila data huharakisha mwanzo. Simu yenye intaneti hupakua taarifa za mahali satelaiti zilipo kwa muda mfupi sana. Isiyo nayo hulazimika kuzisikiliza kutoka kwa satelaiti zenyewe, nazo hutangaza kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, kasi ya kuchekesha siku hizi. Taarifa za satelaiti moja huchukua kama nusu dakika kupokelewa, na orodha kamili ya satelaiti zote dakika 12 na nusu. Kwa hiyo anayekwenda Msitu wa Kakamega apakue ramani na maelezo ya kopo angali mjini, kisha asimame dakika moja au mbili mahali peupe kabla ya kuingia chini ya miti.

Sasa, simu inajuaje ilipo? Chukua jioni ya radi Kisumu. Umefunga madirisha, mwanga huuoni, unasikia ngurumo tu. Tuseme kila ngurumo inakuja na tangazo: "Nimepiga Mamboleo, saa kumi na moja kamili." Unatazama saa yako: ni saa kumi na moja na sekunde 15. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, basi uko kilomita 5 kutoka Mamboleo. Upande gani? Hujui. Unachojua ni kwamba uko mahali fulani kwenye duara lenye Mamboleo katikati. Inakuja ngurumo ya Dunga, unachora duara la pili, nayo maduara mawili yanakatana sehemu mbili. Ngurumo ya Kisian inakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Lakini saa yako iko mbele kwa sekunde tatu na huna habari. Kila duara limezidi kilomita moja, na matatu hayo hayakutani pamoja. Hapo ndipo penye ujanja: kwa kuwa kosa ni lilelile kwa yote, unaweza kuyapunguza yote kwa kiasi kimoja hadi yakutane, na kiasi hicho kinakuambia saa yako imekosea kwa sekunde ngapi. Simu hufanya vivyo hivyo. Saa yake ni ya kawaida, ilhali satelaiti zina saa za atomu, na kwa sababu inatafuta pia kimo cha ulipo, huhitaji satelaiti nne au zaidi. Ukishapata mahali, umepata na saa sahihi, bure.

Tofauti iko kwenye kasi. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, na nanosekunde moja tu, sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ni sentimita 30. Ngurumo ikigonga kilima cha Nandi kwanza ndipo ikufikie, utaihesabu imetoka mbali kuliko ilikotoka. Mawimbi ya GPS nayo hugonga kuta, mwamba na paa za mabati, na mwangwi wa mita kumi huwa kosa la mita kadhaa kwenye ramani. Ukizunguka Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana kule Seme, nusu ya anga imezibwa na nusu iliyobaki ina mwangwi. (Pale pia ni mahali pa ibada, si pa kuchokoachokoa mianya ukitafuta kopo.)

Kuna pia ionosfea, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, ambalo huchelewesha mawimbi. Ucheleweshaji huo huwa mkubwa zaidi katika ukanda wa ikweta, hasa alasiri, na simu inayopokea masafa (frikwensi) mamoja tu ya redio hurekebisha kama nusu yake tu kwa kutumia makadirio yanayotangazwa na satelaiti. Usitarajie kuliona hilo waziwazi, maana mjini mwangwi wa majengo hulifunika. Simu zenye masafa mawili, L1 na L5, hupambana vizuri na matatizo yote mawili, lakini nyingi za bei ya chini zina L1 peke yake.

Kwa hiyo tarajia nini? Penye anga wazi, simu hukosea kama mita 5. Aliyeficha kopo naye alikosea mita 5 zake, kwa upande wake mwenyewe. Ukiyaunganisha makosa hayo mawili kihesabu unapata kama mita 7, nje kabisa ya mahali unapopekua. Na kile kiduara cha buluu kinachokuzunguka kwenye ramani? Kwenye simu za Android kimewekwa kwa kipimo cha asilimia 68, maana yake karibu mara moja katika kila tatu uko nje yake.

Ndiyo maana wazoefu hufungia simu mfukoni ikibaki mita kumi. Wanasimama na kujiuliza: ningekuwa mimi, ningelificha wapi? Mshale nao, ukiwa umesimama, hufuata dira ya sumaku, ambayo hupotoshwa na uzio wa chuma, gari au kava la simu lenye sumaku. Kwenye begi weka kalamu (kopo dogo halina nafasi ya kalamu), kibano cha kutolea karatasi iliyosokotwa, tochi, pawabanki, na kijiti. Mkono usitangulie kwenye shimo. Nyoka hana taarifa za mchezo.

Ukiwa wewe ndiye unayeficha, chukua vipimo siku tofauti na saa tofauti, kisha tafuta wastani. Usifukie, usiweke chakula, liache angalau mita 161 kutoka kopo lingine, na omba ruhusa ya mwenye eneo. Kopo lisilo na maandishi kwenye stendi ya matatu ni kesi ya polisi.

Mchezo wenyewe ni mtoto wa siku moja. Hadi usiku wa Mei 1, 2000, Marekani ilikuwa ikiharibu makusudi ishara za GPS za raia, hata kukosea mita 100. Swichi ikazimwa, na Mei 3 Dave Ulmer akaficha ndoo huko Oregon na kutangaza namba zake.

Namba hizo zina mtego wa kwetu. Huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali, kama S 00° 05.500. Tarakimu ya mwisho ni mita 1.8 hivi, basi usibabaike nayo. Ukiisoma 05.500 kama digrii 0.05500, umekosea kilomita 4. Na kwa kuwa ikweta inapita Maseno na Mogotio, herufi ya mwanzo, N ya kaskazini au S ya kusini, ni ya kuangaliwa mara mbili. Anayeandika S badala ya N Ulaya hugundua mara moja, kwa sababu ramani humpeleka bara lingine. Kisumu, kosa hilo linakupeleka kilomita 20 tu kaskazini, Vihiga, kwenye mawe na miti inayofanana kabisa na mahali pa kuficha kopo.