Je, wajua hamira inaweza kutengeneza sukari badala ya kuila?

Hamira ukiipa sukari, huila. Ndiyo maana unga wa mandazi huumuka, na tembo la mnazi lililogemwa asubuhi huwa kali kufikia jioni. Inakuwaje basi mlaji mkubwa namna hiyo atumike kututengenezea sukari? Jibu zuri lilitoka mwaka 2019, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alikofanya kazi Profesa Yong-Su Jin na wenzake.

Sukari waliyoilenga huitwa tagatosi. Imo kwa kiasi kidogo sana katika bidhaa za maziwa na baadhi ya matunda. Utamu wake unafikia asilimia 92 hivi ya sukari tuliyoizoea, lakini gramu moja ina kalori kama 1.5, ilhali sukari ya kawaida ina 4. Haipandishi sana sukari ya damu, na ukiipikia keki, keki hupata rangi ya kahawia, jambo linaloshinda vikolezo vingi vya utamu. Kinachoirudisha nyuma ni gharama ya kuitengeneza.

Njia iliyozoeleka huanza na laktosi, sukari ya maziwa, ambayo ni sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi, zilizoshikana. Huvunjwa, galaktosi ikatengwa, kisha ikageuzwa kuwa tagatosi kwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, au kwa kemikali. Hapo ndipo penye tabu. Galaktosi na tagatosi zina atomi zilezile kwa idadi ileile, mpangilio tu ndio tofauti, na mgeuko wenyewe huenda pande zote mbili: tagatosi ikizidi kujaa, nayo huanza kurudi kuwa galaktosi. Unabaki na mchanganyiko, na kuzitenganisha sukari zinazofanana kiasi hicho ni kazi ya gharama.

Watafiti wakaichukua hamira ya mikate. Kwa asili haiwezi kutumia laktosi, kwa kuwa haina njia ya kuiingiza ndani ya seli wala kimeng'enya cha kuivunja. Wakaipandikizia jeni za kazi hizo mbili kutoka kwa viumbe wengine. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ubunifu wote: waliifuta jeni iitwayo GAL1. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoanzisha safari ya galaktosi kuwa chakula. Ikiondoka, hamira inakula glukosi na kupata nguvu, na galaktosi inabaki ndani ya seli bila kuliwa.

Bado kulikuwa na ule mgeuko unaorudi nyuma. Wakaupitisha kwa hatua mbili. Kimeng'enya cha kwanza huiongezea galaktosi hidrojeni, ikawa galaktitoli. Cha pili huiondoa hidrojeni, lakini mahali pengine kwenye molekuli, ikatoka tagatosi. Kila hatua ina kibebaji chake cha hidrojeni, na seli hai inayokula glukosi muda wote hukijaza kimoja na kukitua kingine mzigo, kwa hiyo kazi inasukumwa kuelekea upande mmoja. Matokeo yalikuwa tagatosi sehemu 9 kwa galaktosi sehemu 1. Kimeng'enya peke yake ndani ya chupa hakiwezi kufika huko. Lazima seli iwe hai na iwe inakula.

Laktosi yenyewe haina uhaba. Kila kilo ya jibini huacha takriban lita 9 za maji ya maziwa yenye rangi ya kijani-manjano, na ndani yake laktosi ni kati ya asilimia 4 na 5. Yakimwagwa mtoni, bakteria huyashambulia na kumaliza oksijeni wanayoitegemea samaki. Kuyafanya malighafi ni jambo la kuungwa mkono hata kabla ya kuzungumzia sukari.

Mipaka ipo. Ile glukosi, nusu nzima ya laktosi, ni ujira wa hamira, kwa hiyo haiwezi kuwa tagatosi. Na kalori chache zina sababu yake: sehemu kubwa ya tagatosi haifyonzwi, hufika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria wa huko. Ukiizidisha, tumbo hujaa gesi na huenda ukaharisha. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa kutomudu fruktosi, sukari ya matunda, asiitumie kabisa, maana ini huishughulikia tagatosi kwa njia ileile ya fruktosi.